Baraza ya Msikiti na Nyumba za Sebleni

Katika daftari la mihtasari la kamati ya msikiti wetu, kikao cha mwezi wa Rajabu, kipengele cha tatu kimeandikwa kwa mkono wangu: “Imeridhiwa na wajumbe wote kwamba baraza ya mbele izungushiwe geti la chuma kwa gharama ya shilingi milioni mbili na laki nne, na kazi ikamilike kabla ya kuingia mwezi mtukufu.” Chini yake ipo saini ya mwenyekiti, na pembeni ipo yangu, kwani mimi ndiye katibu. Nakala ya ukurasa huo ilikuwa mfukoni mwa kanzu yangu nilipopanda boti ya saa moja asubuhi kwenda Unguja katika mwezi wa Shaabani. Sikuwa na haja nayo huko. Nilisahau tu kuitoa.

Msikiti wetu upo upande wa Temeke, hatua chache kutoka sokoni. Baada ya sala ya Isha, taa za ndani zikishazimwa, watu huanza kutandika maboksi barazani. Siku nyingine huwa saba, siku nyingine kumi na wawili. Wengi wao ni vijana wa mikokoteni na wabeba mizigo. Malori ya vitunguu na nyanya huingia sokoni saa nane au saa tisa za usiku, na kijana anayelala Mbagala au Chanika hufika mizigo ikiwa imekwisha kushushwa. Si kwamba vijana hawa hawana kitu kabisa. Aliyefanya kazi vizuri hulala na shilingi elfu saba au nane kiunoni. Wanachokosa ni uwezo wa kuilipa nyumba kwa namna inavyodaiwa: mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na chumba cha elfu arobaini kwa mwezi hugeuka kuwa laki mbili na elfu arobaini zinazotakiwa kwa siku moja. Mtu ambaye riziki yake huhesabiwa kwa siku hawezi kuvuka kizingiti hicho hata akifanya kazi mwaka mzima.

Miongoni mwao yumo mzee mmoja, mwenyeji wa mkoa wa Lindi, ambaye umri wake umepita miaka sabini. Alikuwa amepanga chumba katika bonde la Msimbazi. Nyumba zile zilipobomolewa kwa sababu ya mafuriko, mwenye nyumba alijua pa kwenda kulalamika. Mpangaji hana hati, hana fidia, na hakuna fomu inayomwulizia. Mzee huyu ndiye hufagia baraza kabla ya adhana ya Alfajiri, na ndiye aliyekuja kugonga mlango wa imamu usiku ule bomba la udhu lilipopasuka.

Katika mwezi wa Jamadi l-Akhir amplifaya ya msikiti iliibwa. Hatukumkamata mtu, na nikiri kwamba hatukuuliza sana. Kikaoni hoja zilizotolewa zilikuwa hoja za watu wazima wenye dhamana: mali ya msikiti ni amana; akina mama wanaoleta watoto madrasa asubuhi hulazimika kupita katikati ya wanaume waliolala; mkojo unanuka ukutani upande wa makaburi. Hakuna aliyesema neno la dharau. Fundi wa kuchomelea aliitwa akapima kwa futi, akataja bei, akapunguziwa kidogo. Mimi niliandika.

Safari yenyewe ilikuwa ya harusi. Mdogo wake mke wangu alikuwa anaolewa, na Shaabani, kama mjuavyo, ni mwezi ambao kila familia hukimbizana na Ramadhani. Bahari ilikuwa shwari. Watoto walibanana dirishani kutazama mji ukirudi nyuma, minara na maghorofa marefu ya Posta, kisha visiwa vidogo, kisha maji matupu. Mke wangu alikuwa amenyamaza kwa muda. Halafu akaniuliza, “Baba Sumayya, yule mzee anayefagia, mmeshamwambia?”

Nikamwambia, “Tutamwambia.”

“Inshaallah,” akasema, akarudi kuwatazama watoto.

Aliyesoma Unguja hashuki katika bandari ya Malindi kama mgeni. Miaka zaidi ya kumi imepita tangu nihitimu chuo kisiwani, lakini miguu bado inazijua njia za Mji Mkongwe kuliko kichwa. Jambo la kwanza nililoliona tena, na ambalo zamani sikulitia maanani, ni baraza. Karibu kila nyumba ya zamani ina benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta wa mbele, nje ya mlango. Mwenye nyumba aliyejenga hivyo alijua kwamba sehemu ile haitakuwa yake peke yake. Mpita njia ataketi, muuza kahawa atatua birika lake, wazee watacheza bao, mvua ikinyesha mtu asiyejulikana atajibanza hapo na hakuna atakayemwuliza anatafuta nini. Hata msikiti mmoja wa mjini unaitwa Msikiti Barza.

Nami ninayo sababu yangu ya kulikumbuka hilo. Katika mwaka wangu wa pili wa masomo nilichelewa kurudi bwenini usiku mmoja, nikakuta geti limefungwa na mlinzi hana idhini ya kufungua. Nilirudi mjini nikalala kwenye baraza ya msikiti mmoja wa Malindi, mfuko wa vitabu ukiwa mto. Nilipoamshwa na adhana nilikuta mtu amenifunika kikoi. Sikumjua ni nani, na kikoi kile nilikaa nacho hadi kikachakaa. Nilipokuwa naandika kipengele cha tatu sikukikumbuka.

Harusi ilikwenda salama, alhamdulillah, nasi tulifikia kwa mama mkubwa wa mke wangu, anayeishi katika maghorofa ya Michenzani, orofa ya tatu. Msomaji ambaye hajafika Unguja apige picha ya majengo marefu sana, moja baada ya jingine, yaliyopangwa kufuata barabara mbili zinazokutana kwenye mzunguko. Wenyewe huyaita treni. Yalijengwa baada ya Mapinduzi, katika zama za Mzee Abeid Amani Karume, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na ujenzi uliendelea baada ya yeye kuuawa mwaka 1972. Nia ilikuwa kuwatoa watu wa Ng'ambo katika vibanda vya udongo na makuti na kuwatia katika nyumba za saruji, zenye maji na umeme, bila ya kuwauliza wana nini mfukoni.

Mama mkubwa hakuwa na maneno ya kupamba. Ngazi zimemla magoti. Maji huwa hayapandi, na ndoo hubebwa na wajukuu. Majirani wa zamani waliokuwa wakikaa ukuta kwa ukuta walitawanywa, kila mmoja akapelekwa jengo lake. “Serikali ilitupa nyumba ikasahau maji,” alisema huku akicheka, “na baraza. Utakaa wapi na mwenzio huku juu?” Kisha akanitazama kwa makini, maana nilikuwa nikiandika. “Lakini mwanangu, andika na hili. Tangu tuingie humu na marehemu babaako mkubwa, hakuna mtu aliyetugongea mwisho wa mwezi akatutazama usoni. Nimezaa humu, nimezikia humu. Hilo usilione dogo.”

Sikuliona dogo, hasa kwa anayejua historia ya ardhi aliyosimama. Ng'ambo, kama jina lake linavyosema, ulikuwa upande wa pili wa mji wa mawe, upande wa watumwa walioachwa huru, wapagazi, wavuvi na mafundi. Wengi walijenga vibanda vyao juu ya viwanja vya watu wengine. Baadhi ya wenye viwanja wa zamani waliwaachia wakae kwa kutaraji thawabu, na baadhi ya viwanja vilikuwa wakfu. Baadaye kodi ya ardhi ikaanza kudaiwa kwa nguvu na kupanda, na miongoni mwa waliodai walikuwamo wasimamizi wa wakfu wenyewe. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo wakagoma kulipa. Mara nyingi mgomo ule husimuliwa kama habari ya siasa dhidi ya ukoloni, na ni kweli. Mimi nilipoufikiria nikiwa kwenye dirisha la mama mkubwa niliuona pia kama kesi ya waumini dhidi ya sadaka iliyogeuzwa kuwa biashara. Ardhi iliyotolewa kwa ajili ya Allah ilikuwa imepata mkusanyaji wa kodi.

Siku ya pili nilikwenda kumjulia hali mwalimu wangu wa fiqhi, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo. Anaishi ghorofa ya chini ya nyumba ya wakfu huko Malindi, nyumba ya mawe ya matumbawe na boriti. Kodi anayolipa ni ndogo mno. Haifiki bei ya chakula cha mchana cha mtalii mmoja pale Forodhani. Ukuta wa uani umeegemezwa kwa magogo. Chumba cha juu hakikaliwi tena kwa sababu sakafu imelegea.

“Aliyeiwekea wakfu nyumba hii,” alinieleza, “aliacha na duka. Kodi ya duka itengeneze paa, na vyumba vya chini wakae wasio na kwao. Duka lilipotea katika mikono ya watu. Paa likabaki peke yake.” Akanyanyua mkongojo kuelekea ufa uliokuwa juu ya mlango. “Nalipa kidogo, nashukuru. Lakini usiku wa mvua silali.”

Msomaji atakumbuka kwamba mwezi wa Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo kubwa kuliko yote pale mjini, iliporomoka na kuua watu wawili waliokuwa katika kazi ya ukarabati. Ikiwa kasri la masultani limeanguka, nyumba ya wakfu isiyo na duka itasimama kwa nguvu ya nani? Tunaposema tujenge, tuwape watu nyumba, mara nyingi tunahesabu siku ya kukata utepe. Gharama kubwa ni ile inayokuja mwaka wa thelathini.

Nilimsimulia mwalimu habari ya msikiti wetu, na nikatumia neno “usalama” mara kadhaa. Nilipofika kwenye amplifaya alinikatiza. Akaniuliza kama naikumbuka hadithi ya yule mwanamke mweusi, huria wa kabila mojawapo la Waarabu, iliyosimuliwa na Bibi Aisha (R.A.) na kupokewa katika Sahihi Bukhari. Nilikuwa naikumbuka, lakini nikamwacha asimulie, kama ilivyo adabu. Mwanamke yule alituhumiwa kuiba kitambaa cha ngozi nyekundu cha binti wa mabwana zake. Wakampekua kwa kumdhalilisha mno, naye amesimama mbele yao hana pa kwenda, hadi mwewe aliyekuwa amekinyakua, akidhani ni nyama, alipopita na kukidondosha katikati yao. Akaondoka kwao, akaja kwa Mtume (S.A.W.), akasilimu. Nyumba hakuwa nayo. Hema lake lilikuwa ndani ya msikiti wa Mtume.

“Ndani,” alisema mwalimu. “Si barazani.”

Kisha tukazungumza kuhusu watu wa Suffa, jambo ambalo kila mwanafunzi wa madrasa hulisoma na wachache hulitafsiri. Suffa ilikuwa sehemu ya nyuma ya msikiti wa Madina iliyoezekwa kwa makuti ya mtende, baraza kwa lugha yetu. Hapo walilala Muhajirina wasio na jamaa wala mali, Abu Hurayra (R.A.) alikuwa miongoni mwao. Mtume (S.A.W.) akiletewa sadaka huwapelekea yote, na akiletewa zawadi hushirikiana nao. Siku moja Abu Hurayra alikuwa na njaa kali, na nyumbani kwa Mtume kuna bakuli moja la maziwa. Akaagizwa awaite kwanza wenzake wa Suffa. Alijisemea moyoni kwamba maziwa yale hayatamfikia. Wakanywa wote, mmoja mmoja, ndipo na yeye akanywa hadi akashindwa kuendelea. Ibn Umar (R.A.) naye alipokuwa kijana asiye na mke alikuwa akilala msikitini. Kwa hiyo wale tunaowaona kuwa wamevamia msikiti wana watangulizi, na watangulizi wao ndio waliotupokelea dini.

Mwalimu hakuniamuru lolote kuhusu geti. Aliniuliza tu kama nimewahi kufika Sebleni.

Nilikuwa nimepita mara nyingi nikiwa mwanafunzi, sikuwahi kuingia. Sebleni kuna nyumba za wazee zinazoendeshwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kama zilizopo Welezo, na Limbani kule Pemba. Anayechukuliwa hapo ni mzee asiye na wa kumtunza. Analazwa, analishwa, anatibiwa, anapewa na posho, na gharama inatoka katika mfuko wa umma. Nilikwenda asubuhi ya mwisho wa safari yangu, nikiwa na mkoba wa sukari na sabuni, maana niliona aibu kwenda mikono mitupu.

Ukizoea simulizi za nyumba za wazee utategemea huzuni. Niliyoyaona yalikuwa ya kawaida kuliko hivyo. Vyumba vimepangwa kuzunguka ua, kanga zimeanikwa, redio inasoma Qur'ani chumba kimoja na taarab chumba cha jirani, na wenyewe wanagombana kuhusu sauti. Bibi mmoja alikuwa anachambua mchele barazani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Umetumwa na nani?”

“Sikutumwa na mtu, bibi.”

“Basi kaa. Wanaotumwa hawakai.”

Nikaketi. Aliniambia kwamba katika Ramadhani hawajui waweke wapi tende na unga. Magari hufuatana, wageni hupanga foleni, picha hupigwa, na mzee mmoja anaweza kukabidhiwa mfuko mmoja mara tatu ili kila kundi lipate picha yake. Mwezi ukiandama, wa Shawwal, ua hunyamaza. Babu mmoja aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye kiti chake akadakia, “Hapa nala, nalala, daktari nampata. Cha serikali nimepata. Cha watoto wangu ndicho sijapata.” Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa hesabu. Kisha akaniuliza kama Simba walicheza jana, nikamwambia sijui, akanidharau kidogo.

Nimelifikiria sana jibu lake. Wapo wanaosema kwamba serikali ikiwatunza wazee, watoto watazembea, na kwamba familia ya Kiislamu haihitaji Sebleni. Hofu hiyo siidharau. Haki ya wazazi ni nzito, na aliyempeleka mama yake huko ilhali anaweza kumtunza atajibu mbele ya Mola wake. Lakini yule babu hakuwa akingoja tuafikiane. Kama Sebleni ingefungwa kesho ili watoto wapate funzo, angelala wapi usiku wa kesho? Watoto wake wana dhambi yao, nasi tutakuwa na yetu.

Na lipo la Welezo, ambalo pia hutuhusu. Kabla ya serikali kuwajibika, makao ya masikini ya Welezo yalihudumiwa na masista wa Kikatoliki tangu enzi za ukoloni, katika kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu. Nalitaja bila ya kutaka kumwumbua mtu. Mwenye njaa hushika mkono ulionyooshwa, na wakati ule mkono ulionyooshwa haukuwa wetu.

Zanzibar imekwenda hatua moja zaidi. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni jamii kila mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, tajiri au fukara. Ilianza kwa shilingi 20,000 na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Si fedha ya kupangia nyumba mjini. Mama mkubwa wa mke wangu hununulia dawa na kulipia umeme, na akasema, kwa fahari aliyojaribu kuificha, kwamba kinachobaki huwapa wajukuu nauli. Mzee mwenye cha kuwapa wajukuu nauli si rahisi kuonekana mzigo ndani ya nyumba. Nadhani hapo ndipo fedha ile inapofanya kazi kubwa kuliko kiasi chake.

Kwetu Bara ipo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, yapo makazi ya wazee kama yale ya Nunge, Kigamboni, na upo mfuko wa TASAF unaosaidia kaya masikini. Lakini pensheni ya wote hatuna, na msaada mwingi humfikia mtu kwa kupitia kaya yake na mtaa wake. Mtu anayelala barazani si kaya. Hana namba ya nyumba, hana balozi, na mtaa anaolala usiku haumhesabu kuwa wake. Halmashauri zetu zina sheria ya kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, jambo jema. Kijana wa mkokoteni naye ni kijana, lakini mkopo hutolewa kwa kikundi kinachotambulika mahali kilipo, na mahali ndipo anapopakosa.

Tumezoea kusema kwamba haya ni ya serikali, sisi msikitini tunayo yetu. Sijui tumeitoa wapi mipaka hiyo. Kadhi Abu Yusuf, katika kitabu chake cha Kharaj alichomwandikia Khalifa Harun al-Rashid, amesimulia kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni pa watu. Alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwita mtunzaji wa Baitul-Mal akaagiza mzee huyo na wa mfano wake waangaliwe na wapewe posho. Ninapousoma ule mpangilio huona mambo mawili katika asubuhi moja. Umar alitoa chake kwanza, bila ya kusubiri hazina. Halafu hakutosheka na chake, akafungua hazina, na hakuifungua kwa mtu mmoja aliyemwonea huruma tu. Sisi tuna mtindo wa kuchagua moja: mwenye moyo hutoa jero akapita, na mwenye cheo huandika sera akalala.

Ndani ya boti ya kurudi nilitoa ile nakala mfukoni nikafanya hesabu nyuma yake. Milioni mbili na laki nne, ukigawa kwa laki mbili na elfu arobaini, unapata kumi. Geti letu lilikuwa sawasawa na kodi ya miezi sita ya vyumba kumi. Na kwa kuwa elfu arobaini kwa mwezi ni kama elfu moja mia tatu na ushei kwa siku, kijana wa sokoni angeweza kuirejesha kidogo kidogo, qardh hasan isiyo na riba, ili wa kumi na moja naye apate. Nilifurahi kama mtu aliyegundua dhahabu. Furaha yenyewe haikufika Dar es Salaam. Nilikumbuka kwamba fedha zile zilichangwa kwa ajili ya ujenzi wa msikiti, na sharti la mtoaji haliguswi kwa sababu katibu amerudi kutoka Unguja na wazo jipya. Mweka hazina wetu ni mtu wa haki. Angenikatalia, na angekuwa sahihi.

Tulifika nyumbani baada ya Magharibi. Nilikwenda kusali Isha, nikalikuta geti limekwisha kusimamishwa, rangi nyeusi bado inanata. Fundi alikuwa amewahi ili apate kazi nyingine kabla ya mfungo. Mwenyekiti, kwa furaha ya kweli, alinikabidhi ufunguo mmoja. Mzee wa Lindi alikuwa ametandika boksi lake nje, kati ya geti na mtaro, ufagio ukiwa pembeni yake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, katibu. Asubuhi nitaingiaje kufagia?”

Nikafungua geti. Usiku ule waliingia wanne, maana wengine walishatafuta kwingine na hatujawaona hadi leo.

Kikao cha dharura kilifanyika Jumapili baada ya Alasiri, na kilikuwa kirefu. Sitaficha kwamba wajumbe wawili walikasirika. Hatimaye ilikubaliwa kwamba geti libaki, kwa kuwa limeshajengwa kwa mali ya Allah na haifai kuling'oa. Lifungwe saa tano za usiku na lifunguliwe saa tisa, wakati malori yanapoingia. Watakaolala waandikwe majina na msimamizi awe mzee wa Lindi, apewe ufunguo wangu. Chombo kipya cha sauti kitawekwa ndani ya kabati la chuma, ambalo lingegharimu laki mbili na nusu tangu mwanzo. Boksi la mfuko wa qardh hasan limewekwa mlangoni, mbali na la ujenzi. Katika Ijumaa tatu limepata laki moja na elfu tisini, na tumempangia chumba kijana mmoja baada ya imamu kumwomba mwenye nyumba apokee kodi ya miezi mitatu badala ya sita. Anarejesha elfu mbili kila siku baada ya Alfajiri. Siku mbili hakurejesha.

Kuhusu mzee, niliandika barua kwa ofisi inayohusika nikiomba apokelewe katika makazi ya wazee. Nilijibiwa kwamba inahitajika barua ya utambulisho kutoka mtaa anaoishi. Serikali ya mtaa ikasema haiwezi kumtambulisha mtu asiye na nyumba katika mtaa wake. Nikaandika barua ya pili, na safari hii kwenye nafasi ya anuani ya makazi nimejaza jina la msikiti wetu na namba ya kiwanja chake. Niliipeleka Jumatatu. Wamesema nirudi baada ya wiki mbili.